Mayai ya ganda laini: tuanze na chakula

Wakuu, joto hili la Februari nimeulizwa sana kuhusu mayai yanayotoka laini kama puto. Wengi hukimbilia duka la dawa. Mimi huuliza kwanza kuku wanakula nini.

Hatua ya 1: Pima chakula. Kuku wa mayai wa kisasa hula gramu 110 hadi 120 kwa siku. Kuku 100 ni kilo 11 mpaka 12. Pumba tupu zinamshibisha, lakini hatagi. Anataka protini asilimia 16 hadi 18: soya, mashudu ya alizeti, dagaa. Dagaa watie kiganja kimoja kwenye glasi ya maji, koroga, subiri. Mwezi uliopita mchanga ulituama unene wa kidole. Nikarudisha gunia, muuzaji akanuna.

Hatua ya 2: Chokaa. Hapa ndipo penye kazi. Ganda moja lina takribani gramu 2 za kalsiamu, madini yaliyomo kwenye chokaa, na si yote anayokula inafika huko, hivyo anahitaji karibu gramu 4 kila siku. Ganda hujengwa zaidi usiku. Saa kumi jioni weka maganda ya konokono ya chengachenga kwenye chombo chake peke yake. Chenga hukaa kwenye firigisi na kuyeyuka polepole hadi asubuhi. Unga hupita haraka. Na ukitumia chokaa, iwe ya mifugo, siyo ya kupaka ukuta! Ikamulie ndimu: ikitoa povu, ni yenyewe.

Hatua ya 3: Maji. Hunywa maradufu ya anachokula, kwenye joto zaidi. Lisha alfajiri na jioni.

Maswali

*Chanika:* Wangu wana wiki 10. Niwape chakula cha mayai wawahi kutaga?
— Usithubutu, dada. Kalsiamu nyingi mapema huharibu figo. Subiri wiki ya 18 hivi.

*Kimara:* Nina kienyeji, nataka mayai ya kutotolesha. Jogoo mmoja, mitetea 20.
— Ongeza jogoo. Mmoja kwa mitetea 8 hadi 10. Mayai hayo yanadai vitamini kuliko ya kula. Mama akikosa vitamini B2, kifaranga hufia ndani ya yai. Tia premiksi (mchanganyiko wa vitamini na madini) ya kuku wazazi, na mchicha.

*Tegeta:* Mahindi yameota ukungu kidogo tu, bosi.
— Tupa. Sumukuvu inamaliza ini.

*Chanika:* Nimekamulia ndimu ile chokaa yangu. Kimya kabisa.
— Basi siyo yenyewe, huenda umeuziwa mchanga. Rudi dukani, na ndimu ubebe.