Jinsi ninavyomweleza mgonjwa wa dengue ya mara ya pili

"Mimi hii niliugua 2014, si nina kinga?" Fundi cherehani mmoja aliniuliza hivyo kwenye dirisha la maabara, mlipuko wa 2019 wa dengue, homa ya virusi inayoenezwa na mbu, ulipopamba moto hapa Dar es Salaam. Nikamjibu kwa kufuli, na tangu siku hiyo sijabadili njia. Nawe ukiulizwa, uwe nesi au ndiye mwenye mgonjwa nyumbani, fanya hivi.

Tafuta kufuli mbili za aina moja na ufunguo wa moja. Mpe mgonjwa auchomeke kwenye ile isiyo yake. Mara nyingi utaingia mpaka mwisho, ila kuzunguka hauzunguki. Hapo mwambie: virusi vya dengue viko aina nne. Ya 2014 hapa Dar ilikuwa aina ya 2, iliyotamba 2019 ni aina ya 1. Ni ndugu, sura zinafanana, kila mmoja na kufuli yake. Kinga ya mara ya kwanza ndiyo ufunguo: humlinda na aina ileile miaka yote. Kwa hizo nyingine, miezi michache tu.

Ndiyo maana dengue ya pili huweza kuwa kali kuliko ya kwanza. Wengi wakifika hapa huzitupia lawama kingamwili, zile protini za damu zinazokamata virusi, na kweli zina lao: zile za zamani hukishika kirusi kipya bila kukizima, hata zikakisaidia kuingia ndani ya seli. Lakini usiziruke seli T. Hizi ni chembe nyeupe zinazokagua seli za mwili, na baadhi yake huiua ile iliyovamiwa. Ugonjwa wa kwanza ukiisha, kiasi fulani hubaki kama askari wa akiba. Dengue ya pili ikiingia, hao wa akiba ndio huwahi, kwa kuwa ni wengi na hawahitaji mafunzo, na seli mpya zinazomfaa mgeni huyu zinapitwa. Ufunguo umeingia, hauzunguki. Kuua zinaua kwa kusuasua, ila kelele zinapiga: humwaga kemikali za kuita wenzao, na kemikali zikizidi, kuta za mishipa midogo hulegea na maji ya damu yakavuja.

Usimtishe, lakini. Seli T hizohizo huokoa wengi, na wengi wanaougua mara ya pili hupona salama. Akibisha kwamba ni zamani mno, mpe habari ya Cuba: aina ya 1 ilienea kisiwani kuanzia 1977. Aina ya 2 ilipoibuka Santiago de Cuba mwaka 1997, waliozidiwa walikuwa watu wazima, waliokuwepo miaka ile. Miaka 20, na mwili ulikuwa bado unakumbuka!

Sasa masharti, na hapa nenda taratibu. Homa, parasetamo tu. Aspirini, brufeni na diklofenaki aziache kabisa, zinaongeza hatari ya kutoka damu. Anywe maji ya ORS, madafu, uji mwepesi. Apimwe damu kila siku: mimi naangalia chembe sahani, zile zinazogandisha damu, zinashuka huku damu ikizidi kuwa nzito, kama mchuzi uliokaukiwa maji. Hapo ujue mishipa inavuja.

Kubwa zaidi, mwambie asifurahie homa kushuka. Kati ya siku ya 3 na ya 7, homa ikiondoka, ndipo uvujaji huanza. Tumbo likiuma sana, akitapika mfululizo, fizi zikitoka damu, mkojo ukipungua, mikono ikiwa baridi, aende hospitali saa hiyohiyo, hata usiku.

Fundi wangu alirudi siku ya tano anacheka, "Nimepona, dada." Nikamshika mkono: baridi kama chupa ya soda, na tumbo alikuwa amelishika bila mwenyewe kujua. Hatukusubiri hata majibu, tukampakia kwenye bajaji. Alilazwa siku tatu kwa dripu. Alipotoka alinirudishia ufunguo wa kabati la vitendanishi, aliondoka nao mfukoni siku ile ya kwanza. Siku hizi kufuli za maonyesho nanunua sokoni.