Lenzi ya zamani: alama ya mbali isikudanganye

Ukifunga lenzi ya Helios 44-2 ya milimita 58 kwenye kamera ya Sony ya mdomo wa E (mdomo ndipo lenzi hufungwa) kwa adapta ya M42, yaani ya mdomo wa skrubu wa lenzi za zamani, usizungushe pete ya fokasi hadi mwisho, kwenye alama ya mbali (∞), ukidhani mlima utatoka mkali. Adapta nyingi huwa fupi kidogo kuliko milimita 27.46 zinazohitajika, hivyo pete hupitiliza fokasi ya mbali na mlima hufifia. Fungua lenzi hadi f/2 (tundu lake pana kabisa), kuza picha kwenye skrini, zungusha taratibu mpaka ukingo wa mlima ukae wazi, ndipo ubane tundu hadi f/8. Adapta isiyo na chipu hairekodi jina la lenzi wala namba ya f: ziandike papo hapo, uziweke chini ya picha unapoituma.