Jinsi ya kutafsiri kichekesho kinachojicheka, mbele ya watu waliolipa shilingi elfu moja

Mimi hutafsiri sinema kwa maiki, papo hapo inapoonyeshwa, katika kibanda cha video hapa Busia, upande wa Uganda. Natumia Kiswahili kwa sababu benchi moja hukaliwa na Msamia, Mteso, Mluo na utingo wa lori la Mombasa. Riziki yangu ni filamu za ngumi. Lakini mwaka jana mpwa wangu wa chuo alikuja likizo na flashi iliyojaa vichekesho vya Wazungu, akasema, "Mjomba, huu ndio usasaleo wenyewe. Utafsiri uone." Nikatafsiri, nikaaibika, nikajifunza. Ukitaka kujaribu, fanya hivi.

Nadharia iache nyumbani. Mfaransa Jean-François Lyotard aliandika 1979 kwamba usasaleo ni kutoziamini tena zile simulizi kubwa zinazodai kueleza kila kitu. Vema, kaa nalo moyoni. Kwa mteja wa elfu moja inatosha kujua kwamba kichekesho cha namna hii kinajijua kuwa ni kichekesho, na kinataka naye ajue.

Anza na wanachokijua. Mara ya kwanza niliweka The Simpsons, katuni ya familia moja ya Kimarekani, bila maandalizi. Watoto wa mle ndani wakakaa mbele ya televisheni yao kutazama katuni yao, Itchy na Scratchy, panya anayemchinja paka, na benchi la nyuma likapiga kelele kwamba nimebadilisha filamu. Mmoja alidai pesa yake. Wiki iliyofuata nilitanguliza Tom and Jerry dakika tano, kisha nikarudia kipindi kilekile. Walicheka kabla sijafungua mdomo: waliona wanaochekwa ni paka na panya wa zamani, waliotwangana miaka nenda rudi bila tone la damu. Mpwa wangu huita hiyo mwingilianomatini, yaani kazi moja kuigusia nyingine. Mimi huita kumtambulisha mgeni kabla ya kumsengenya.

Seinfeld, kichekesho cha televisheni cha Wamarekani, ni ngumu zaidi, na ndiyo ninayoipenda. Jerry Seinfeld, mchekeshaji, anaigiza mchekeshaji aitwaye Jerry Seinfeld. Katika msimu wa nne, yeye na rafiki yake George wanakwenda kuiuzia NBC, kituo cha televisheni cha Marekani, wazo la kipindi kisichohusu chochote, na NBC ndiyo iliyokuwa ikirusha Seinfeld yenyewe. Halafu wanatafutwa waigizaji wa kuwaigiza wao! Hapa ukifuata kila neno utazama. Gawa sauti: Jerry wa kwanza mpe sauti yako, Jerry wa pili mpe sauti ya puani. Kisha mseme George waziwazi: "Huyu kachongwa kwa mfano wa Larry David, aliyebuni kipindi hiki pamoja na Jerry. Yaani bosi anajitukana kwa mdomo wa mtu mwingine." Kibandani kila mtu ana bosi. Hiyo huwaingia.

Balaa ni vile vicheko vilivyomo ndani ya kipindi. Wamarekani wanaangua kicheko, kibanda kimya, na ukimya huo unakuangukia wewe mwenye maiki. Usipunguze sauti. Wafanye hao wanaocheka wawe wahusika: "Wasikieni! Wameshiba hao. Sisi tunangoja." Ujanja huo si wangu. Kasikilize Who Killed Captain Alex? ya mwaka 2010, ya Nabwana I.G.G. wa Wakaliga, Kampala. Sauti ya VJ Emmie, mtafsiri wa sinema kama mimi, imo ndani ya filamu, anawachokoza wahusika na kuisifu filamu hiyohiyo unayoitazama. Nilipomwonyesha mpwa wangu alinyamaza kidogo, akaandika kitu daftarini.

Monty Python, vichekesho vifupivifupi vya Waingereza, ya BBC, iliyoanza 1969, nimeijaribu mara moja tu. Mchezo unaachwa katikati, hauna mwisho, na watu walidhani flashi imeharibika. Kilichoniokoa ni yule kanali anayeingia na kuusimamisha mchezo kwa kuwa umezidi upuuzi. Nilimpa sauti ya askari wa mpakani: "Funga! Karatasi zako ziko wapi?" Madereva wa malori walipiga mabenchi mpaka moja likavunjika mguu, na gharama nililipa mimi.

Usizidishe dakika arobaini. Na flashi ya pili, yenye Jackie Chan, iwe mfukoni tayari.