Kadi ya king'amuzi imekufa, imepotea au umeipata kwa mtu: jinsi ya kuomba nyingine ukiwa Mtwara au Lindi

Msimu wa korosho ukifunguliwa, kuanzia Oktoba, ving'amuzi vilivyolala tangu mwanzo wa mwaka huamshwa kwa mkupuo, kutoka Tandahimba hadi Ruangwa. Mtu analipia kifurushi kwa simu, anawasha, na skrini inamwambia chaneli imefungwa. Jirani anachungulia na kutoa hukumu: "Kadi imekufa hiyo, kabadilishe." Mara nyingi jirani amekosea, na safari ya kwenda mjini ingeweza kuepukwa.

Kadi haifunguliwi na simu yako. Ukilipa, pesa inasomeka kwenye kompyuta za kampuni, nazo zinatoa agizo lenye namba ya kadi yako. Agizo hilo linapandishwa hadi kwenye setilaiti na kushushwa pamoja na picha, likirudiwa kwa muda fulani. King'amuzi kikiwa kimezimwa wakati huo, agizo linapita juu ya bati na kwenda zake. Kwa hiyo washa kwanza, weka chaneli iliyomo kwenye kifurushi unachotaka, hakikisha mawimbi yapo, ndipo ulipe. Kama ulishalipa huku kimezimwa, piga simu huduma kwa wateja au tumia menyu ya kampuni kuomba kadi ifunguliwe upya, kisha kiache kimewaka nusu saa bila kubadilibadilisha chaneli. Kadi iliyokaa miezi mingi bila umeme ndiyo inayohitaji subira zaidi, kwa sababu funguo zake zimeshapitwa na wakati na lazima zishuke mpya.

Kabla ya kudai kadi mpya, hakikisha tatizo ni la kadi

Soma ujumbe ulio kwenye skrini, usikisie. Kwa watumiaji wa DStv, E16 maana yake kadi inasomeka ila ruhusa ya kutazama haijafika au haijalipiwa. E48-32 maana yake mawimbi hayafiki, na hapo kadi haina kosa lolote. Ving'amuzi vya kampuni nyingine huandika kwa maneno: "hakuna mawimbi" ni habari ya dishi, jicho lake (kile kichwa kilicho mbele yake) na waya, lakini "ingiza kadi" au "kadi haisomeki" ndiyo habari ya kadi yenyewe au tundu lake.

Mawimbi yakikosekana, toka nje utazame dishi linaangalia nini. Azam TV hurusha kutoka setilaiti iliyo nyuzi 7 mashariki kwenye ramani ya dunia, yaani mbali upande wa magharibi wa Mtwara, hivyo kwa mtu wa huku dishi linaelekea magharibi, likipinda kidogo kaskazini, na njia ya mawimbi iko katikati ya upeo wa macho na utosi. Mkorosho au mwembe uliokua upande huo ndani ya miaka mitatu unatosha kuziba. DStv iko nyuzi 36 mashariki, karibu juu ya vichwa vyetu ikiegemea kaskazini, kwa hiyo miti haisumbui sana. Mvua kubwa za kuanzia Desemba hukata mawimbi ya zote mbili kwa dakika kadhaa, na hilo halina dawa zaidi ya kusubiri.

Ikiwa ujumbe ni wa kadi, zima king'amuzi kwenye soketi ukutani. Usichomoe kadi kikiwa kimewaka. Itazame chipu ya rangi ya dhahabu. Huku pwani, Mikindani, Shangani, Kilwa Masoko, hewa ya chumvi huweka ukungu mweusi au wa kijani juu yake, nao unazuia meno ya tundu kugusa. Sugua taratibu kwa kifutio laini cha penseli, pangusa vumbi lake kwa kitambaa kikavu cha pamba, basi. Ukiwa na spiriti, tone moja kwenye kitambaa linatosha, uache ikauke kabisa. Wembe, msasa na mate havifai: viwili vya kwanza vinakwangua dhahabu, cha tatu kinaongeza chumvi. Rudisha kadi kwa kufuata mshale au mchoro ulio karibu na tundu, isukume mpaka igote.

Bado? Fanya jaribio la jirani, ila lielewe vizuri, maana hapa ndipo wengi wanapotoka na jibu la uongo. Chukua kadi yako kwenye king'amuzi cha jirani cha kampuni ileile na ikiwezekana aina ileile. Huenda picha isitoke, na hilo halimaanishi kuwa kadi ni mbovu: kampuni nyingi huifunga kadi na king'amuzi kimoja, mafundi husema zimefungishwa ndoa. Usitafute picha. Ingia kwenye menyu, sehemu ya taarifa za kadi, uone kama namba ya kadi yako inajitokeza. Ikijitokeza, chipu ni hai. Kisha tia kadi ya jirani kwenye king'amuzi chako, utazame sehemu hiyohiyo. Namba yake isiposomeka, kinachougua ni tundu lako, na kadi mpya ungeinunua bure. Fanya kwa dakika moja moja, usilipie wala usiombe kufunguliwa upya wakati kadi ziko nyumba zisizo zao.

Jambo moja la pembeni: ving'amuzi kadhaa vya siku hizi havina kadi kabisa. Namba ya kulipia imebandikwa chini ya kifaa na usalama umo ndani yake. Kwa hivyo hakuna cha kubadilisha ila kifaa kizima, na anayekuuzia kadi ya kutia humo anakuibia.

Karatasi na namba za kubeba

Kadi ni jina la mtu kwenye daftari la kampuni, na plastiki ni alama yake tu. Kaunta hawatakuuliza sana kuhusu plastiki, watakuuliza jina. Beba hivi:

- Kadi ya zamani, hata kama imevunjika. Mikataba mingi inahesabu kadi kuwa mali ya kampuni, hivyo wanaweza kuidai.
- King'amuzi chenyewe na waya wake wa umeme. Namba ya king'amuzi iko kwenye kibandiko chini. Pwani kibandiko hufifia, kwa hiyo kipige picha leo, siyo siku ya shida.
- Kitambulisho cha Taifa, au namba ya NIDA yenye tarakimu 20 ikiwa kadi ya kitambulisho haijatoka.
- Simu yenye laini iliyosajiliwa kwenye akaunti ya king'amuzi. Namba ya uthibitisho hutumwa huko. Laini ikiwa imepotea, irudishe kwanza kwa mtandao wako wa simu.
- Risiti au ujumbe wa malipo ya mwisho.

Kadi iliyopotea au kuibwa ina hatua mbili zaidi. Ya kwanza ni kuipigia kampuni simu ili waifunge, maana aliyeiokota pamoja na king'amuzi anaweza kuendelea kula kifurushi chako. Ya pili ni taarifa ya upotevu ya polisi. Inapatikana kituoni au kwenye mfumo wa mtandaoni wa Jeshi la Polisi: unajaza jina, namba ya NIDA na maelezo ya mali, unapewa namba ya kumbukumbu ya malipo, unalipa kwa simu, taarifa inatoka. Kwenye maelezo usiandike "kadi ya TV" ukaishia hapo. Andika kampuni, namba ya kadi na namba ya king'amuzi. Kama namba ya kadi huikumbuki, rudi kwenye ujumbe wa malipo ya zamani wa M-Pesa, Airtel Money, Mixx by Yas au HaloPesa. Imo humo kama namba ya kumbukumbu.

Kaunta

Si kila wakala anayeuza ving'amuzi ana ruhusa ya kubadilisha kadi. Kabla ya kupanda basi kutoka Liwale au Mangaka, piga simu uulize swali moja: "Mnabadilisha hapohapo, au mnapeleka mjini?" Kama wanapeleka, usiache kifaa bila karatasi yenye namba zake, tarehe na muhuri wa duka. Uliza bei kabla ya fundi kufungua chochote, na udai risiti ya EFD yenye neno kadi, siyo "huduma" tupu.

Mhudumu akiingiza maombi, msubiri na umuulize mambo haya hapohapo, kwa sababu makosa ya kubadilisha kadi hutokea kwenye kibodi:

1. Akaunti imesomeka kwa jina la nani?
2. Kadi ya zamani imefungwa?
3. Siku zilizobaki za kifurushi zimehamia kwenye kadi mpya?
4. Kadi mpya imefungishwa na namba ya king'amuzi hiki? Msomee namba kwenye kibandiko, tarakimu moja moja.

La tatu husahaulika kuliko yote. Mtu aliyelipia mwezi mzima juzi anakwenda nyumbani na kadi safi isiyo na hata siku moja. La nne likikosewa, kadi itasomeka lakini picha itagoma, na utafika Nachingwea ndipo ugundue. Kama duka lina dishi, omba waijaribu na king'amuzi chako kabla hujaondoka. Kama halina, ukifika nyumbani washa, tia kadi, kiache nusu saa kwenye chaneli ya kifurushi chako, kisha omba kufunguliwa upya mara moja tu. Kupiga simu mara tano hakuongezi kasi ya agizo.

Kutumia tena kadi ya mtu mwingine

King'amuzi cha mtumba ni biashara ya kawaida: mtumishi amehamishwa, mpangaji ameondoka, kaka amenunua kipya. Kununua si vibaya, kosa ni kununua vifaa ukaacha jina. Ukilipia miaka miwili kadi iliyo kwa jina la aliyekuuzia, siku ikifa yeye ndiye mwenye haki ya kubadilishiwa, na pengine laini yake ya simu haipatikani tena.

Kabla ya kutoa pesa, piga huduma kwa wateja mkiwa pamoja, muuzaji azungumze. Waulize kama kadi ina deni, kama imeripotiwa kuibwa, na kama imefungishwa na king'amuzi mnachouziana. Muuzaji anayekataa simu hiyo, mrudishie mzigo wake. Halafu nendeni ofisini wawili. Kama yuko mbali, aandike barua, apige sahihi, aambatanishe kopi ya kitambulisho chake, na mhuri wa mtendaji wa mtaa au kijiji utasaidia. Barua haihitaji maneno mengi:

"Mimi ........., mwenye namba ya NIDA ........., namkabidhi ndugu ........., mwenye namba ya NIDA ........., king'amuzi namba ......... pamoja na kadi namba ........., kuanzia tarehe ......... Sina dai juu ya vifaa hivi baada ya tarehe hiyo. Namba yangu ya simu iliyosajiliwa ni ........., yake mpya iwe ........."

Mwenye akaunti akiwa marehemu, kampuni inaweza kudai cheti cha kifo na barua ya msimamizi wa mirathi kutoka Mahakama ya Mwanzo. Kama mirathi imeshafunguliwa kwa mambo mengine, toa kopi. Kufungua shauri kwa ajili ya king'amuzi peke yake ni kujichosha. Omba akaunti mpya na kadi mpya kwenye kifaa kilekile.

Kwa walio karibu na Mto Ruvuma kuna mtego wake. Vifaa huvuka Daraja la Umoja pale Mtambaswala, au kwa kivuko cha Kilambo, vikitokea Msumbiji kwa bei ya kutamanisha. Kampuni inaweza kuwa ileile na setilaiti ileile, na picha ikatoka siku ya kwanza kwa sababu kifurushi bado kipo. Lakini akaunti iko Msumbiji, inalipiwa kwa metikali, na menyu ya bili ya simu ya Tanzania haiitambui namba hiyo. Kaunta ya Mtwara mjini haiwezi kuihamisha kama inavyohamisha ya Masasi. Kinachobaki na thamani ni dishi, jicho na waya; kadi ihesabu sifuri unapopatana bei.

Ukikwama

Malalamiko yaanzie kwa kampuni, kwa maandishi, na udai namba ya kumbukumbu ya lalamiko. Lisiposhughulikiwa, lipeleke Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, au kwa baraza la watumiaji lililo chini ya sheria yake, TCRA CCC, ukiambatanisha risiti, picha ya kibandiko na ile namba ya kumbukumbu. Lalamiko la mdomo tu haliendi mbali.

Ukishapata kadi mpya, kazi ya mwisho iko kwenye simu. Futa namba ya zamani ulikoihifadhi, na kwenye simu ya mama, ya mjomba aliye Dar, ya kila anayekulipia. Namba ya kadi imebadilika, lakini menyu ya bili huenda bado inakumbuka ile ya zamani. Kila unapolipa, soma jina linalotokea kabla ya kuweka namba ya siri.