Kompyuta na kibodi kwa watoto wa chekechea: ninavyofundisha, hatua kwa hatua

Nafundisha darasa la awali, watoto wa miaka mitano, na kompyuta tulizonazo ni chache mno kuliko watoto. Shule nyingi ziko hivyo, kwa hiyo hapa nazungumza na mwalimu mwenye kompyuta mbili au tatu kwenye kona ya darasa. Mwenye maabara nzima atachukua kinachomfaa.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema: mtoto wa umri huu asifundishwe kuchapa kwa vidole kumi. Vidole vyake bado ni vifupi, na ndiyo kwanza anajifunza kushika penseli. Anachohitaji ni kuitambua herufi popote anapoiona, kuibonyeza kwa upole na kuona kilichotokea. Ukienda hivyo, kompyuta inaisaidia KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu). Ukienda kinyume, inaiibia muda.

Hatua ya 1: Andaa mashine watoto wakiwa hawapo

Wengi wanairuka hatua hii, na kipindi kinaharibikia hapo. Mtoto akigusa kitufe haachii upesi, na mara unaona aaaaaaaaa imejaza mstari mzima. Ingia kwenye mipangilio ya kibodi, refusha muda wa kusubiri kabla kitufe hakijaanza kurudia, kisha punguza kasi ya kurudia. Kwenye Windows, Shift ikibonyezwa mara tano mfululizo inaleta kisanduku chenye swali ambalo mtoto hawezi kulisoma. Kizime kisanduku hicho kwenye mipangilio ya watumiaji wenye mahitaji maalumu. Hapo hapo ongeza ukubwa wa kishale, na kwenye mipangilio ya kipanya punguza mwendo wake.

Kisha njoo kwenye programu ya kuandikia. Mtoto akichapa a e i o u kwenye Word ambayo haijarekebishwa, a ya kwanza inageuka A, na i iliyosimama peke yake inageuka I. Yeye hakubonyeza herufi hizo, na wewe utashindwa kumweleza zimetoka wapi. Akiandika kuku, neno linapigiwa mstari mwekundu kwa kuwa programu inadhani ni Kiingereza kilichokosewa. Mtoto wa awali anaujua wino mwekundu tangu kwenye daftari lake: ameandika sawasawa, kompyuta inamwambia amekosa. Zima ukaguzi wa tahajia na masahihisho ya papo kwa papo, yote mawili. Kwenye LibreOffice, Shift na F7 kwa pamoja zinaondoa mistari hiyo, ila masahihisho utayazima kwenye menyu yake.

Fonti nayo ina maana. Fonti nyingi zina a yenye kikofia juu, tofauti kabisa na a unayoiandika ubaoni. Chagua Comic Sans MS au Century Gothic, ambazo a yake ni duara na kijiti, na ukubwa usipungue 48.

Hatua ya 2: Weka herufi ndogo juu ya vitufe

Kibodi zimechapwa herufi kubwa, lakini watoto wetu wanaanza na ndogo. Kwa mtoto, G na g hazina undugu wowote, wala R na r. Kata vipande vidogo vya karatasi, andika herufi ndogo kwa makapeni na ubandike kwa selotepu. Anza na irabu tano tu, zote kwa rangi moja, halafu ongeza konsonanti kadiri unavyozifundisha ubaoni. Kibodi isikimbie mbele ya ubao.

Alfabeti yetu haina q wala x, na c haitembei bila h. Vitufe hivyo viache bila kipande mpaka apatikane Maxmillian au Caroline darasani, maana jina la mtu lazima liandikike.

Hatua ya 3: Tengeneza kibodi ya boksi

Hii ndiyo zana inayobeba darasa zima wakati watoto wawili wawili wako kwenye mashine. Kata boksi, bandika vizibo vya soda kwa mpangilio ule ule wa kibodi halisi, na ndani ya kila kizibo weka herufi yake. Usibuni mpangilio wako. U, I na O zinakaa pamoja safu ya juu kulia, E iko safu hiyo hiyo upande wa kushoto, na A iko mwanzoni mwa safu ya kati. Mtoto aliyezizoea kwenye boksi hatazitafuta kwenye mashine.

Mchezo wake ni mwepesi: taja sauti, mtoto aguse kizibo kwa kidole kimoja na aondoe. Sisi tunaitikia kwa pamoja, "Gusa, achia!" Hayo maneno mawili ndiyo dawa ya aaaaaaaaa kuliko mipangilio yote ya hatua ya kwanza.

Hatua ya 4: Kikao, nyaya na mikono

Viti vya watu wazima vinaiacha miguu ya mtoto inaning'inia, naye anaanza kuteleza na kuegemea meza. Weka kibao au boksi gumu chini ya miguu, na skrini iwe usawa wa macho yake au chini kidogo. Ekstensheni ikae nyuma ya meza, mbali na mikono na chupa za maji. Baada ya uji, watoto wanawe na kukausha mikono kwanza.

Zamu yangu ni dakika kumi. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba mtoto wa miaka 3 na 4 asikae mbele ya skrini zaidi ya saa moja kwa siku, na ikipungua ni bora zaidi. Watoto wetu wamevuka umri huo kidogo tu, na wengi wakirudi nyumbani kuna simu na runinga.

Hatua ya 5: Kipanya, kwa mpangilio huu

Watoto waliozoea simu watagusa kioo kwa kidole. Wengine watakinyanyua kipanya na kukielekeza kwenye skrini kama rimoti. Wanachotakiwa kugundua ni kwamba mkono uko mezani, lakini kishale kinatembea kule mbele. Usilihubiri jambo hili, waache walione. Kama una kompyuta mpakato, tafuta kipanya cha nje, kwa sababu kile kibao cha kugusa kinawatesa.

Natumia GCompris, programu ya bure iliyoanza mwaka 2000, ambayo ukishaisakinisha haihitaji intaneti. Ina zoezi ambalo mtoto anasogeza kishale tu na vigae vinafutika mpaka picha iliyofichwa inatokea. Hapo hakuna kubofya. Akishamudu, mpe zoezi la kubofya mara moja, halafu la kuburuta. Kubofya mara mbili kwa haraka usikufundishe kabisa mwaka huu. Programu wafungulie wewe, au weka mipangilio ya kufungua kwa mbofyo mmoja.

Kitufe cha kushoto kibandike kipande cha selotepu ya rangi. Anayetumia mkono wa kushoto asogeze kipanya upande wake na abonyeze penye rangi kwa kidole chochote kinachofika. Usibadilishe kazi za vitufe, utamvuruga anayemfuata.

Mtoto akikwama, usimnyang'anye kipanya. Mimi huweka mikono nyuma na kumwelekeza kwa mdomo: "Juu kidogo. Rudi. Hapo hapo, bofya." Ukikishika wewe, kishale kinafika upesi, ila aliyekifikisha ni wewe.

Kwa kupumzisha akili kuna Tux Paint, nayo ya bure, ya tangu mwaka 2002. Kila kifaa kina picha na mlio, na kuhifadhi mchoro hakudai jina la faili. Mtoto asiyejua kusoma anaweza kuhifadhi kazi yake mwenyewe na kuifungua kesho.

Hatua ya 6: Irabu, silabi, maneno

Wawili wakae mashine moja: mmoja anashika kadi na kusoma sauti, mwenzake anatafuta na kubonyeza, kisha wanabadilishana. Msomaji anajifunza kama mchapaji, wakati mwingine zaidi yake, kwa kuwa ndiye anayegundua kosa.

Irabu zikikaa, nenda kwenye silabi: ma me mi mo mu. Hapa ndipo kitufe kirefu cha nafasi kinapoanza kazi, maana kila silabi inahitaji pumziko baada yake. Kitufe cha kufuta kifundishe baadaye kidogo. Kwa mtoto kufuta ni raha kuliko kuandika, na ukimwonyesha mapema atamaliza zamu yake akifuta.

Kisha maneno ya kwenye kitabu chao: baba, kuku, meza. Hayazidi matatu kwa zamu.

Hatua ya 7: Jina lake

Mpe kadi yenye jina lake kwa herufi ndogo, alichape. Abdulrahman atachoka katikati. Mwache aandike Dula kama anavyoitwa nyumbani, refu litakuja. Herufi kubwa ya mwanzo iwe ya mwisho kufundishwa, kwa sababu inataka mikono miwili: mmoja unashikilia Shift bila kuachia, mwingine unabonyeza. Caps Lock usiitaje.

Ukipata printa, chapisha majina yote na uyabandike kwenye viti au madaftari. Ndiyo tathmini yenyewe. Kwenye daftari langu naandika tu nani anaipata herufi bila kusaidiwa, nani anaachia kitufe kwa wakati na nani anamsubiri mwenzake. Alama za asilimia siweki, hata mzazi akiziomba. Namwita mtoto achape jina lake mzazi akiwa amesimama pale.

Hatua ya 8: Kuzima

Wa zamu ya mwisho anazima, mwalimu akiwa pembeni: funga programu, bofya alama ya kuzima, subiri skrini iwe nyeusi, funika kitambaa. Waambie kabisa kwamba swichi ya ukutani si ya kuzimia. Na kama kompyuta yako ni ya mezani isiyo na UPS (betri ya akiba umeme ukikatika), hifadhi kazi zao kila zamu inapoisha, maana umeme hauagi.