Jinsi ya kujua uchafu unaingia mtoni wapi (usisimame tu pale darajani)

Leo niwaonyeshe vile mimi hupima mto nikitaka kujua uchafu unatoka wapi. Mimi nimezoea Mto Njoro, huu wa kutoka Mau unapita Njoro town hadi Ziwa Nakuru, lakini hata wewe wa Kisumu na mto wenu wa Kisat, hatua ni zile zile. Watu wengi husimama darajani, wanachota chupa moja, wanapeleka maabara, wanarudi na karatasi inasema mto ni mchafu. Hiyo tulijua. Mchafu kuanzia wapi?

Hatua ya 1: tembea kwanza. Vaa gambuti, beba daftari na simu, vifaa vya kupimia bado. Andika kila kinachoingia majini: bomba, mtaro, choo kilichochimbwa karibu, mahali pa kuosha magari, shamba la viazi lililolimwa mpaka ukingoni. Na punda usiwadharau, wanashuka na mikokoteni ya mitungi, wanasimama ndani ya maji, tope linavurugika, wanakojoa hapo hapo na mwenyewe anaendelea kuchota. Piga story na hao wachotaji, wao ndio wanajua bomba gani hufunguliwa usiku.

Hatua ya 2: vituo, yaani mahali pa kuchota na kupima, viende viwili viwili. Kila mahali unashuku, kituo kimoja juu yake na kingine chini, halafu kimoja cha juu kabisa karibu na msitu ndio ulinganishe. Hapa nilishawahi kuaibika. Nilichota chini kidogo tu ya mtaro, ng'ambo ya pili, namba zikatoka poa, nikamwambia mzee wa hapo mtaro hauna shida, kumbe uchafu ulikuwa unateremka umebana ule ukingo mwingine, haujachanganyika bado. Siku hizi nashuka mpaka baada ya kona au mawe yanayokoroga maji.

Hatua ya 3: pima hapo hapo joto, pH (ukali wa asidi au magadi), oksijeni na kondaktiviti (vile maji yanapitisha umeme, chumvi ikizidi nayo inapanda). Anza kituo cha chini ukipanda, usije ukapima tope ulilovuruga mwenyewe, na uangalie maji yanakotoka. Oksijeni ikishuka chini ya 5 mg/l samaki wengi wanaanza kuteseka, lakini kumbuka alfajiri huwa chini kuliko mchana, kwa hivyo usilinganishe saa kumi na mbili na saa nane. Kondaktiviti ikiruka ghafla kati ya vituo viwili, shuku maji taka, ingawa huku Bonde la Ufa hata chemchemi huleta chumvi yake.

Hatua ya 4: bakteria. Chupa iliyochemshwa maabara, usiisuuze mtoni, acha nafasi ya hewa, weka kwa barafu na ifike ndani ya masaa 6. E. koli, yaani bakteria wa kinyesi wanaohesabiwa maabara, haisemi kama ni kinyesi cha mtu au cha ng'ombe, hapo ndio wengi huanza kulaumu majirani bure. Ujanja ni kupima kiangazi na tena mvua ikinyesha: namba zikiwa juu hata kukiwa kukavu, tafuta bomba au choo kinachovuja, zikipanda na mvua tu, shuku kwanza mifugo, barabara na mashamba.

Hatua ya 5: geuza mawe. Ukipata vidudu vyenye mikia mitatu vinavyong'ang'ania jiwe, maji yana nafuu. Ukipata minyoo na vibuu vyekundu peke yake, mambo ni mbaya. Chupa inaona dakika moja, hawa wameishi hapo wiki kadhaa.

Hatua ya 6: maji ni mangapi? Hii ndio watu huruka na ndio yenye utamu. Tupa chungwa, hesabu sekunde linazotumia kwa mita 10, gawanya 10 kwa hizo sekunde upate mwendo. Upana mara kina (vyote kwa mita) mara mwendo mara 0.85 (kwa sababu maji ya juu hukimbia kuliko ya chini), hiyo ni mita za ujazo kwa sekunde. Zidisha na mg/l za uchafu uliopimwa maabara, kisha na 86.4, unapata kilo kwa siku. Sema mtaro unanuka una nitrati 40 mg/l lakini unatiririka mita za ujazo 0.001 tu kwa sekunde: kama kilo 3 na nusu kwa siku. Kijito kizuri cha kutoka mashambani kina 3 mg/l lakini kinapitisha 0.2: karibu kilo 52. Kila mtu anapiga picha ule mtaro. Ziwa Nakuru nalo halina mto unaotoka, kinachoingia hakina pa kutokea, kwa hivyo mimi huanza na kile kijito.