Jinsi ya kupiga bati kwa leza mbele likapasuka nyuma

Wengi wakisikia leza imeharibu chuma wanajua imeyeyusha au imetoboa. Hii ya leo ni nyingine kabisa, unapiga mbele panabaki kialama tu, halafu ukigeuza bati unakuta mgongoni limevimba kama kipele na ndani kuna ufa.

Anza na sampuli. Chukua alumini ya unene wa milimita 0.5, piga msasa kisha polishi mpaka nyuma ujione sura. Mbele bandika tepu nyeusi ya fundi umeme, na juu yake maji yatiririke membamba, milimita 1 au 2 inatosha. Tepu inaungua badala ya chuma, na maji yanaibana plazma (ile gesi ya moto mkali inayozaliwa tepu ikiungua) isitawanyike hewani, bila maji presha inashuka mara kadhaa. Tepu usiidharau jamani, mimi nilishawahi kuibandika harakaharaka ikabaki na kiputo cha hewa, nikapiga mara tatu nyuma kimya, siku nzima nalaumu leza.

Leza iwe ya pulsi fupi, yaani mpigo mmoja wa mwanga wa nanosekunde 10 hivi (nanosekunde ni sekunde ukiigawa kwa bilioni). Kwa doa la milimita 4 na nishati ya joule 3.8 unapata kama gigawati 3 kwa sentimita ya mraba. Usipandishe hovyo, ukikaribia 10 maji yenyewe yanageuka plazma huko juu na mwanga mwingi haufiki kwenye tepu. Doa liwe pana kuliko unene wa bati mara kadhaa, la sivyo mawimbi ya pembeni yanaingia katikati kuvuruga kila kitu. Na miwani ya leza ni lazima, mwanga wa nanomita 1064 hauonekani kwa jicho, utaukwepaje?

Sasa kinachotokea. Plazma inalisukuma bati kwa gigapaskali kama 3, yaani karibu mara elfu 30 ya presha ya hewa tunayovuta, na wimbi la mshtuko linakimbia ndani ya alumini maikromita 6 hivi kila nanosekunde, kwa hiyo nanosekunde 80 na kitu limeshafika mgongoni. Huko nje ni hewa tu, hakuna wa kulipokea, basi linageuka na kurudi, ila lilienda likibana na sasa linarudi likivuta. Likirudi linakutana na mkia wa wimbi lilelile unaokuja kutoka mbele, upande huu unavutwa huku na upande ule unavutwa kule, chuma kinaachana katikati. Ni kama zile gololi ukizipanga mstari ukagonga ya kwanza, ya mwisho ndo inaruka, sasa fikiria hiyo ya mwisho umeigundisha, kitakachokatika ni gundi. Hata fundi wa zege anajua, zege ukiligandamiza linabeba, ukilivuta linakatika, ndo maana tunaweka nondo.

Ufa utautafuta wapi? Chukua muda wa presha, ambao chini ya maji ni mara 2 au 3 ya pulsi, zidisha kwa 6, gawa kwa 2. Hapa inakuja maikromita 60 mpaka 90 kutoka mgongoni. Wimbi halisi halina umbo la boksi kwahiyo hiyo ni pa kuanzia kuchungulia tu.

Kama una VISAR, kile kifaa cha Barker na Hollenbach cha 1972 kinachopima kasi ya mgongo wa bati, angalia grafu: kasi inapanda, inashuka, halafu inapanda tena kidogo. Kile kimteremko ndo dhahabu yako. Kikiwa mita 150 kwa sekunde, zidisha kwa 2700 (kilo za alumini kwa mita ya ujazo) na 5300 (kasi ya sauti ya alumini inayotumika kwa hesabu hii, mita kwa sekunde, hapa usiweke ile ya wimbi ya 6000 na ushee), gawa kwa 2, unapata gigapaskali 1.07, hapo ndo chuma kilipoachia.

Huna VISAR, kata sampuli katikati ya doa kwa msumeno mwembamba taratibu, igandishe kwenye epoksi, piga polishi upya, weka kwenye mikroskopu. Alumini itakuonyesha vitundu vya mviringo vilivyoungana kama ndani ya andazi, seramiki itakuonyesha nyufa kali tupu. Ukiona vitundu vimetawanyika na havijaungana, umepiga chini kidogo ya kiwango, ongeza nusu joule urudie kwenye bati jipya, siyo palepale.